Chakula chenye njaa

Umeme ulikuwa umekatika Buhongwa nzima, hapa Mwanza. Nikawasha tochi ya simu kwenda kuhakikisha kifuniko cha tangi la Kokoto kimekaa sawasawa. Kokoto ni chura. Nilimkuta amejifukia nusu mwili kwenye udongo, macho wazi, mguu wa nyuma ameunyoosha pembeni. Juu ya kidole chake kirefu alikuwa nyenje mweusi, kichwa kainamisha, taya zinakwenda taratibu. Nikadhani katua tu kupumzika. Nikasogeza mwanga. Ngozi ya kidole ilikuwa imeliwa upande mmoja, nyama nyekundu inaonekana.

Nyenje alikuwa anamla chura.

Na Kokoto hakujitikisa.

Nilimtoa nyenje yule, nikamhamishia Kokoto kwenye beseni lenye kitambaa kilicholoweshwa maji ya jana, nikaenda kulala. Usingizi haukuja upesi. Wiki zikapita, jambo lenyewe halijanitoka: niko dukani napima chakula cha kuku, linarudi, niko kwenye daladala natoka mjini, linarudi. Nyenje yule alikuwa chakula. Nilimzalisha mimi, nikamlea, nikamweka mle ndani aliwe. Imekuwaje mlo ukawa mlaji?

Mguu ule ndio pekee wa nyuma aliobaki nao. Mwingine uliondoka na jembe, watu wa mtaa walipokuwa wanazibua mtaro kabla ya mvua za vuli. Mpwa wangu ndiye aliyemleta, kamfunga kwenye kofia yake ya shule. "Shangazi, akiachwa pale atakanyagwa." Ni chura wa kawaida wa mitaani, mwenye ngozi ya vipele, wa jenasi ambayo wataalamu wanaiita Sclerophrys. Kidonda kilipona, lakini kuruka hawezi, anajiburuta. Kwa hiyo yupo kwangu kwa sababu nje hawezi kuishi, na kila kinachomfika mle ndani kimepitia mkononi mwangu.

## Hesabu inayogoma

Wazo la kwanza lilikuwa njaa. Nyenje ninaofuga ni wale wakubwa weusi wenye mabaka mawili ya njano kwenye mashina ya mbawa, Gryllus bimaculatus, wenyeji wa Afrika hii hii, tunaowasikia wakilia usiku kucha nyuma ya nyumba. Wanakula karibu kila kitu: majani, mizoga, hata mwenzao aliyetoka kujibadili ngozi na bado ni laini. Wafungie usiku mzima mahali penye udongo unyevu na mnyama mmoja mwenye ngozi nyororo, wataanza na kilichopo.

Sisi wa ukanda huu tusishangae. Furu, wale samaki wadogo wa ziwa letu, walipopungua katika Ghuba ya Mwanza miaka ya 1980, sangara hakufunga mdomo. Aligeukia uduvi, akageukia dagaa, akala na watoto wake mwenyewe. Mlaji haachi kula kwa sababu chakula ulichomkusudia wewe kimekwisha.

Ila kila anayefuga chura anajua dawa ya hilo: nyenje waliobaki watolewe kabla hujalala. Nami nilikuwa nawatoa.

Hapo ndipo paliponisumbua.

Jioni naweka nyenje kwa idadi ninayoijua. Nakaa, namwangalia Kokoto akila, waliobaki nawarudisha kwenye kreti lao. Hesabu inafungwa. Asubuhi nainua gome la mti lililoko pembeni, nyenje yuko chini yake, mzima, ananitazama na vipapasio vyake virefu vinacheza. Nikashuku kifuniko. Nikamwita fundi wa vioo akapaka upya gundi kwenye kona zote. Nikamuuliza mpwa wangu kama huwa anaongeza chakula nikiwa kazini. "Hapana shangazi, mimi namwekea maji tu." Na ni mtoto mkweli.

Jibu lilikuwa kwenye kona ya maji, ile yenye unyevu kuliko zote. Siku nilipoamua kuutoa udongo wote, niliumega kwa kijiko taratibu, na kwenye mmego mmoja nikaona vijiti vya rangi ya maziwa vimesimama wima, kila kimoja milimita mbili au tatu, vingi mno. Niliuweka mmego ule kwenye kiganja nikautazama kwa muda mrefu. Mayai ya nyenje.

Kwenye kreti la kuzalishia huwa nawawekea kisahani cha mchanga unyevu kwa kazi hiyo hiyo. Jike lina mrija mrefu mwembamba mkiani. Anauchomeka ardhini, anataga yai moja moja, na kwenye joto letu vitoto huanguliwa baada ya wiki mbili hivi. Anachotafuta ni udongo ulio laini, usiokauka, usio na maji ya kutuama. Na mimi, kwa ajili ya ngozi ya chura, nilikuwa nimetengeneza mle ndani udongo bora kuliko wowote ulioko kwenye kiwanja hiki. Jike lililokomaa linahitaji muda mfupi tu kati ya kushushwa tangini na kumezwa.

Vitoto vikitoka ni vidogo sana. Chura wa ukubwa wa Kokoto havijali. Vinajificha, vinaishi kwa mabaki, vinakua. Vikifikia ukubwa wa kuliwa vimeshajua kila ufa wa mle ndani. Kwa hiyo kulikuwa na ukoo mzima wa nyenje ambao haumo kwenye hesabu yangu, na kwa kuwa haumo kwenye hesabu, hakuna aliyekuwa anaulisha.

## Kinachosogea ndicho kinacholiwa

Bado nilikuwa na swali kuhusu Kokoto mwenyewe. Nyenje yuko mguuni pake, mbona hakugeuka akammeza?

Hapa nilisaidiwa na kazi ya mtafiti wa Ujerumani, Jörg-Peter Ewert, ambaye kwa miaka mingi alichunguza jinsi chura anavyoamua kwamba kitu fulani ni chakula. Alitumia vipande vya kadi. Kipande chembamba kikisogezwa kwa urefu wake, kufuata njia anayokwenda mnyoo, chura anageuka, anakikabili, anakirukia. Kipande kile kile kikisimamishwa wima na kusogezwa pembeni, chura anakiacha, pengine anainama kwa hofu. Kisiposogea kabisa, kwake hakipo.

Nimejaribu mwenyewe kwa kipande cha boksi la dawa ya minyoo. Kokoto alifanya vilevile.

Maana yake ni kwamba chura anaweza kukonda huku amezungukwa na wadudu waliokufa. Na nyenje aliyetulia nyuma yake, miguu imeganda, taya tu zinafanya kazi, haonekani kuwa chakula. Labda maumivu aliyasikia. Sijui chura husikia nini ngozi yake ikitafunwa polepole hivyo, na swali hili ndilo lililo zito kwangu kuliko yote.

Mtazame lakini nyenje akipita mbele yake. Kidole cha mguu wa nyuma kinaanza kutetemeka. Anainuka kwenye mikono, anainamisha kichwa, anatulia. Ulimi wake umeshikizwa mbele ya mdomo, si nyuma huko kooni kama wetu, kwa hiyo unapinduka kwenda nje na kurudi kabla hujapepesa. Halafu macho yote mawili yanazama ndani ya kichwa. Yanasukuma mlo kwenda kooni. Mguu wa nyenje ukibaki nje ya mdomo anaukusanya kwa kiganja, kwa utulivu kabisa. Mpwa wangu hajawahi kuchoka kuliangalia hilo. Mimi pia.

## Tumbo ndani ya tumbo

Nafanya kazi duka la pembejeo za mifugo. Siku nzima naongea kalsiamu: kuku anayetaga mayai yenye ganda laini, ng'ombe aliyezaa akashindwa kusimama. Ilinichukua muda kuona kwamba kwa chura hakuna mahali pa kuweka kalsiamu. Hali pumba, halambi jiwe la chumvi, hata maji hayanywi kwa mdomo. Anayanyonya kwa ngozi ya tumbo na mapaja akikaa mahali penye unyevu. Njia pekee ya kumlisha kitu ni kukipitisha kwa mdudu.

Na mdudu mwenyewe ni mlo wenye upungufu. Mwili wa nyenje una fosforasi nyingi mara kadhaa kuliko kalsiamu, wakati mifupa ya chura inataka kalsiamu iwe juu. Chura anayelishwa nyenje watupu kila siku atakula, atashiba, atanenepa hata, huku taya linalainika na miguu inapinda.

Ndipo unapoanza kumlisha nyenje kwa ajili ya mwingine. Siku mbili kabla ya kuliwa nawahamishia kwenye ndoo yenye trei ya mayai, nawapa chakula chenye kalsiamu nyingi. Wanaoshughulika na lishe ya wanyama hawa wanataka iwe karibu asilimia 8, yaani mara mbili ya ile iliyomo kwenye chakula cha kuku wa mayai. Mimi natumia chakula hicho cha kuku, naongeza chokaa ya kulishia na unga wa dagaa waliosagwa wazima na mifupa yao. Dagaa nanunua soko la Mwaloni Kirumba, wale waliokaushwa kwenye vichanja, maana waliolazwa mchangani wanakuja na mchanga. Mlo huo si wa kuwapa kila siku; wakiendelea nao, nyenje wenyewe wanaanza kufa. Ni wa siku mbili za mwisho tu.

Nilisimama kidogo nilipoelewa hilo. Kinachomfaa chura kinamuumiza nyenje, na mimi ndiye ninayekipima.

Kuna pia kuwapaka unga wa chokaa na vitamini dakika ile ile ya kuwalisha. Unafanya kazi, ila nyenje ni mdudu msafi sana, anajisafisha vipapasio na miguu mpaka unga wote umetoka. Akichelewa kuliwa unga umebaki kwenye udongo.

Vitamini A nayo ina hadithi yake. Katika jimbo la Wyoming, Marekani, kuna vyura waliobaki wachache sana wakawa wanafugwa ili wasitoweke. Wafugaji wakaona chura analenga mdudu vizuri, ulimi unatoka, mdudu hanati. Ukosefu wa vitamini A ulikuwa umebadilisha ngozi ya ulimi, ute umepotea. Ulikuwa ugonjwa wa lishe ambao kwa nje ulionekana kuwa ni shabaha mbovu. Tangu nisome habari hiyo, Kokoto akikosa nyenje mara mbili mfululizo moyo unanidunda. Nyenje wangu wanapata viazi lishe na mchicha, lakini siwezi kutegemea rangi ya kiazi peke yake, kwa hiyo mara moja moja unga wa vitamini ninaowapaka unakuwa na vitamini A yenyewe.

## Udongo nao unakula

Maelekezo mengi ya kufuga vyura yameandikwa na watu wanaokwenda dukani kununua matofali ya makumbi ya nazi yaliyoshindiliwa. Mwanza nazi inakuja kwa lori kutoka pwani. Tulichonacho ni pumba za mpunga, maranda ya fundi seremala, mchanga wa ziwa na udongo wa miguuni petu. Nimepima kila kimoja.

Pumba za mpunga hapana. Zinanata kwenye ulimi wenye ute, zinaingia na mdudu tumboni, nazo ni ngumu na zina makali. Maranda yanafanya vivyo hivyo, na ya mbao zenye utomvu yanatoa harufu inayochoma ngozi ya mnyama anayepumua kwa ngozi. Mchanga wa ziwa, huu wetu uliomegwa kutoka kwenye mawe ya granaiti, ni mzito, na akiumeza mara nyingi unajaa tumboni usitoke. Anachoweza kumeza kiwe laini cha kupita, au kiwe kikubwa asiweze kabisa kukitia mdomoni.

Nilibaki na udongo mweusi wa chini ya mwembe, mahali ambapo hapajawahi kupigwa dawa, nikauchanganya na mboji iliyokomaa na makumbi machache ya nazi za jikoni niliyoyachambua kwa mkono. Chini kabisa kuna kokoto kubwa na kipande cha wavu, maji ya ziada yashukie huko. Juu kabisa majani makavu ya mwembe. Kipimo cha unyevu ni kiganja: ukikamua, udongo ushikane bila kudondosha tone. Upande mmoja wa tangi uwe hivyo, mwingine uwe mkavu zaidi, yeye mwenyewe achague.

Kwa muda nilitaka kuachana na udongo kabisa, niweke kitambaa chenye maji, nikifue kila siku. Baada ya usiku ule wa kidole ndilo lililokuwa wazo langu la nguvu. Kitambaa hakina mayai ya nyenje. Kila kitu kinaonekana.

Lakini Kokoto kwenye beseni la kitambaa hakuwa Kokoto. Alikuwa anasukuma kona kwa kisigino chake kimoja usiku kucha, anatafuta pa kurudi nyuma na kuzama, maana vyura hawa hujichimbia kwa kurudi nyuma. Ngozi ya kisigino ikaanza kuwa nyekundu. Nikamrudisha kwenye udongo kabla sijawa na jibu la nyenje.

Jibu lilikuja kidogo kidogo, nalo limo humo humo ardhini. Mkojo na kinyesi cha chura vikikaa, bakteria wanatengeneza amonia, na amonia inaingia kwa ngozi ile ile anayonywea maji. Udongo mtupu hauwezi kulizuia hilo. Udongo wenye wakazi unaweza. Nilileta konzi ya mboji yenye kolembola, vile vidudu vyeupe vinavyoruka ukipuliza, visivyozidi milimita chache, na wale wa kijivu wa chini ya mawe wenye miguu mingi mifupi na magamba mgongoni. Hawa wanakula ukungu, majani yaliyooza, kinyesi, vipande vya nyenje. Kwa kawaida hawamdhuru chura. Kila wanachokila wao ni mabaki ambayo kitoto cha nyenje kingeyategemea.

Sijui kama ndicho kilichopunguza vitoto, au ni ule uamuzi wa kutoweka tena jike lenye mrija wa kutagia ndani ya tangi. Nadhani ni vyote viwili. Sisimizi niliwazuia kwa njia ya mama yangu ya kabati la vyakula: kila mguu wa meza umesimama ndani ya kopo la maji.

## Mdudu wa kukamata

Watu huniuliza kwa nini nijitese kuzalisha nyenje wakati mvua ikinyesha kumbikumbi wanajaa kwenye taa, na wale vijidudu vya ziwani wanapanda mpaka ukuta unageuka rangi. Jirani yangu alinipa ushauri huo kwa upendo kabisa. Watoto wa mtaani walikuwa tayari kuniletea panzi kwenye chupa kwa shilingi mia.

Nilikubali, halafu nikaanza kuwatazama wale panzi.

Walikuwa wazito. Ukigonga chupa hawaruki kwa nguvu. Nikawauliza watoto wamewatoa wapi: bondeni, kwenye nyanya na sukumawiki. Ninajua kinachopulizwa kule bondeni kwa sababu nakiuza. Saipamethrini, dawa ya kupe, inaishia kwenye nyanya, na kwenye mende, na kwenye kunguni. Mdudu aliyegusa dawa kidogo hafi pale pale. Anapoteza wepesi kwanza. Kwa hiyo anayekamatwa kirahisi na mtoto wa darasa la tatu ndiye mwenye uwezekano mkubwa wa kuwa na sumu. Na chura ana macho yanayovutwa na mdudu anayejikokota hadharani.

Niliwapa watoto hela yao. Panzi sikuwatumia.

Chumvi pia naikataza nyumbani. Desturi ya kumrushia chura chumvi ili aondoke mlangoni iko mitaa yote, na wengi hawajui kwamba ngozi ile inapitisha chumvi moja kwa moja mwilini. Wapo wanaosema mwanamke anayefuga chura ana lake jambo. Jirani yangu mmoja aliacha kuchota maji kwangu kwa muda. Nilimkaribisha aje amwone akila. Alikuja na mwanawe mgongoni, akasimama mbali, akasema, "Dada, mbona anafumba macho akimeza?" Nikamweleza. Siku hizi ananitunzia maganda ya karoti kwa ajili ya nyenje.

## Kihansi

Nikiwaza kuhusu haya yote huwa nafika Kihansi. Wale vyura wadogo wa manyunyu, sentimita mbili tu, wanaozaa watoto badala ya kutaga, waliogunduliwa mwaka 1996 kwenye bonde lenye maporomoko ya maji huko Udzungwa. Bwawa la umeme likapunguza maji, manyunyu yakakatika. Mwaka 2000 karibu 500 walisafirishwa Marekani. Wengi walikufa huko kabla ya bustani za wanyama za Bronx na Toledo kuwafanikisha. Mwaka 2009 wakatangazwa kuwa hawapo tena porini. Mwaka 2010 kundi la 100 likarudi Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na mwaka 2012 wakaanza kurudishwa bondeni.

Tunapolisimulia jambo hili tunasimulia ndege, maabara na bwawa. Mimi nawaza mtu aliyekuwa akiingia kila asubuhi na chupa za nzi wa matunda na kolembola, maana chura wa sentimita mbili hawezi kumeza nyenje mkubwa, naye pia anataka kinachosogea. Ili vyura wale wafike hapa, mtu alilazimika kuhakikisha vidudu visivyoonekana vizuri kwa macho havikosi kula hata wikiendi. Ningependa sana kukaa naye nimuulize kuhusu udongo.

## Bakuli

Sasa Kokoto anakula kwenye bakuli la kauri lenye kuta laini, nyenje hawezi kupanda. Nalizamisha kwenye udongo mdomo ukiwa sawa na ardhi, yeye anakuja ukingoni. Ndani naweka madume ya nyenje, na mara nyingi zaidi funza wa nzi chuma, hawa BSF (black soldier fly) wanaofugwa kwa ajili ya kuku na samaki. Kalsiamu yao ni nyingi kwa asili, na funza akitoroka hana hamu na ngozi ya mtu. Kipande cha karoti kinalala karibu na gome usiku kucha, kwa nyenje yeyote ambaye bado yumo na mimi simjui. Kama yupo, nataka ale karoti.

Wengine huwavunja nyenje miguu ya kurukia kabla ya kuwalisha. Mpwa wangu aliniuliza kwa nini sifanyi hivyo, ingekuwa rahisi kwa chura mlemavu. Nilimjibu kwamba nyenje huyu nimemlea wiki saba, na kama ni kufa, afe kwa Kokoto, kwa sekunde moja. Sina uhakika kuwa jibu hilo linatosha. Yeye alisema linatosha.

Kinachonikwaza bado ni bakuli lenyewe. Tangu nianze nalo Kokoto amenenepa, na jioni anakaa ukingoni akisubiri badala ya kuzunguka. Ule mtetemo wa kidole kabla ya kurusha ulimi umepungua. Kwa hiyo usiku mmoja kila wiki naondoa bakuli, naachia madume wachache kwenye majani, nakaa palepale kwenye kigoda mpaka wa mwisho ameliwa au amekamatwa. Kidole kilichotafunwa kimepona, kifupi kuliko vingine. Wiki hii nimeanza kutenganisha madume na majike mapema zaidi, mrija wa kutagia ukianza tu kuonekana, na nimemwomba fundi anitengenezee kreti la pili.